Shangazi Alisema Tunatembea Tu

Juzi, juu ya kijiji cha Boito, niliona kibao kipya cha wapanda milima: njia inazunguka kilima na kurudi ilipoanzia. Nikamkumbuka shangazi yangu.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto mdogo, alibeba sweta yangu na viazi vya kuchemsha, akanishika mkono, tukapanda katikati ya mashamba ya chai hadi msituni.

“Tunaenda wapi?”

“Kutembea tu.”

Kwetu hakuna mtu aliyetembea tu. Niliamini ananipeleka kwa watu wengine wanilee. Msitu ulinuka majani yaliyooza. Kila mara alisimama, akasikiliza upande wa nyumbani, kisha akanivuta. Nilikataa viazi vyake. Leo najua alitumwa kunitoa nyumbani ili nisimsikie mama akijifungua kwa shida.

Tuliteremka kwa njia nyingine, tukatokea juu ya nyumba ya mabati.

“Sitaki kukaa na hawa watu,” nikasema.

“Ni kwenu, Chela. Hujawahi tu kuiona ukiwa huku juu.”

Sikumwamini. Ndipo mama akaniita kutoka ndani, kwa sauti ya mgonjwa, nami nikakimbia. Nyuma yangu shangazi aliketi kwenye nyasi, akalia. Nilidhani analia kwa sababu mpango wake umeharibika.