Usafi wa Njia ya Ruvubu

Anatory hakuwa mtu wa hasira. Ila kulikuwa na aina moja ya binadamu aliyemshinda kabisa: mtu anayeokota kitu chini bila kujiuliza kwanza kimefikaje pale.

Ujana wake aliumalizia kwa wapima ardhi. Aliwabebea vigingi begani huko Bukiriro, Murusagamba, mpaka Biharamulo, na kazi ile ikamwachia goti bovu na imani moja tu, kwamba kigingi kikiwa mahali pake ni mpaka, kikishang'olewa ni kuni. Alipostaafu akarudi Kirushya kwa mkewe Koleta, akalime migomba yake inayoteremkia mto Ruvubu. Huko chini ndiko alikokutana na yale mawe.

Yalikuwa meusi na mazito kuliko umbo lake, yamelala marundo kwa marundo. Wazee waliyaita mavi ya chuma, taka zinazobaki mtu akiyeyusha mawe kupata chuma. Pembeni yake palikuwa na duara la udongo ulioungua, upana wa ungo, na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Lilikuwa shina la tanuri. Mbele kidogo, ukifuata ukingo, kulikuwa na jiwe bapa lenye vijishimo laini, walikonolea zana zao watu waliokuwepo hata kabla ya chuma kujulikana. Hakuna ukoo wowote pale uliodai kuwafahamu watu hao.

Mwingine angeyapita. Anatory alichukua panga akafyeka njia ya miguu kutoka barabarani mpaka kwenye jiwe lile, mwendo wa saa moja na nusu kando ya mafunjo, ili anayependa kutembea ajionee mto, ndege, na kazi ya watu wa kale. Kila penye kitu akasimika kigingi. Vilifika kumi na vinne. Kisha akaanza kuandika barua kwa wakubwa, na akaziandika kwa miaka kumi na mmoja. Kitongoji kizima kikamwita Bwana Mawe, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Koleta, ambaye hakuwahi kuteremka huko hata siku moja.

Mwaka huu mambo yakambana. Wachoma matofali waliutaka ule ukingo kwa udongo wake, na Privatus, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa tayari kuwapa. Bahati nzuri barua moja ilijibiwa: Dokta Agness, mtaalamu wa mambo ya kale, angefika Alhamisi. Kijiji kikakubaliana kumngoja. Akiandika kwamba vitu viko kama wenyewe walivyoviacha, wachoma matofali watafute kwingine. Asipoandika, ukingo ni wao.

Mkutanoni Anatory alisimama, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, akaomba njia isafishwe ili mgeni asikute aibu. Alikuwa na maana ya nyasi. Hakusema nyasi. Mtu mzima anatajaje nyasi kwenye njia ambayo haina kingine cha kusafisha?

Jumatano akaenda Ngara mjini kumpokea mgeni. Alhamisi asubuhi wakateremka wote, Privatus akitangulia na shati la sikukuu.

Mwanzoni Anatory alijisikia vizuri. Njia ilikuwa pana, imefyekwa, ukienda hatua kumi unakuta jiwe lililopakwa chokaa. Watu wa kwetu bwana, hakuna mgeni wa serikali anayekanyaga kitongojini kabla mawe hayajapakwa chokaa. Akasamehe. Ila kadiri walivyoteremka alianza kusikia kitu kikikwaruza chini ya viatu. Akatazama. Mashimo yote ya njia yalikuwa yamejazwa kokoto nyeusi, zikashindiliwa vizuri.

Privatus alieleza kwa furaha kwamba msaragambo wa jana wa kusafisha njia ulikuwa wa kupigiwa mfano, hakuna nyumba iliyokosa mtu. Kokoto hawakuzifuata mbali. Zilikuwa hapo hapo tu, zimelundikana bure.

Anatory aliongeza mwendo, goti likimuuma, mpaka kwenye marundo, na marundo hayakuwepo. Palikuwa na uwanja uliofagiliwa, alama za fagio zikiwa zimepangana kama nywele zilizochanwa. Shina la tanuri lilikuwa limechimbuliwa kwa jembe, udongo ukalainishwa, na katikati pakapandwa maua. Mirija ilikuwa imesagwa ikawa changarawe. Hakuna kigingi hata kimoja. Na lile jiwe la kunolea, lililokaa miaka isiyohesabika bila mtu kuligusa, lilikuwa jeupe kama ukuta wa zahanati, vijishimo vyake vimezibwa na chokaa. Alitamani kukaa chini alie. Alitamani pia kumkamata Privatus kwa kola ya lile shati.

Dokta Agness alichuchumaa, akachokonoa njia, akatoa kipande cheusi na kukigeuzageuza kwa muda mrefu.

"Vitu ni vyenyewe, mzee," alisema mwishowe. "Lakini vimetoka mahali pake. Siwezi kuandika kwamba nimeviona vilipokuwa."

Anatory akauliza kama hakuna namna. Akajibiwa kwamba wataona. Alishafanya kazi na watu wa ofisini kiasi cha kutosha kujua hilo ni jibu gani. Dokta akasimama, akajipangusa magoti, akatazama ule uwanja wote.

"Katika kazi yangu yote," alisema taratibu, bila kucheka, "sijawahi kuona mahali pasafi kama hapa."

Gari lilipoondoka, Anatory alipanda mlima na hotuba nzima kifuani. Angeanza na Privatus, kisha kitongoji chote, nyumba kwa nyumba, kwa majina. Alipofika uani kwake alimkuta Koleta amekaa jikoni, viganja vimechubuka, amevaa kitenge chake cha kanisani kwa ajili ya mgeni.

"Baba Fideli," alisema Koleta, "nilianza mimi. Jana, kabla hata hawajaja, nilikuwa nimeshafika kule chini. Nimekucheka miaka kumi na mmoja, nikasema safari hii sitamwaibisha mume wangu. Vile vijipande vidogo nimeviokota kwa mkono, kimoja kimoja, kisibaki hata kimoja."

Anatory alikuwa na hasira bado, tena nyingi, na hapakuwa na pa kuipeleka.

"Mgeni amesemaje?" Koleta aliuliza.

Anatory alivua kofia.

"Amesema katika kazi yake yote hajawahi kuona mahali pasafi kama hapo, Mama Fideli."

Koleta akatabasamu, akaficha uso wake kwa ncha ya kitenge kama msichana. Akasema basi kila Jumamosi atakuwa anapitia na fagio. Akamsogezea kigoda, akamwambia akae, ndizi zinakaribia kuiva ila moto unafifia.

Kando ya mafiga vililala vigingi kumi na vinne, vimefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Anatory akavitazama. Kisha akachomoa kimoja, akakisukumia motoni.