Pua ya Mama Pini

Wenye kofia wavue, wenye magoti mazima wasimame: umma unatangaziwa kwamba Mama Pini, fundi cherehani wa chumba cha mbele, ubavuni mwa duka la vioo, bibi wa wajukuu watatu, amehitimu kuwa mpiga mbizi. Daraja la kwanza, ukihesabu kutoka chini. Kuanzia sasa anaruhusiwa kwenda mahali ambapo jiwe hufika bila cheti chochote.

Hakuwa na shida na samaki; walishazoeana kwenye sahani. Shida ilikuwa kitinda mimba wake. Binti huyo kazi yake ni kupandikiza matumbawe, na kila akirudi nyumbani, akiulizwa huko chini kukoje, anatabasamu peke yake na kusema hakuelezeki. Sasa alikuwa amepata kazi nchi ya mbali na alikaribia kuondoka. Mama Pini akaapa kwamba hamtoi mtoto wake kwa kitu asichokijua. Hata mchumba huletwa nyumbani watu wakamwona. Lazima ashuke naye, walau mara moja, kabla hajapanda ndege.

Wifi yake alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, lakini huyu anajivua mwenyewe, tena mbele ya mwalimu wa rika la mwanawe. Mama Pini akamjibu kwamba wivu ungekuwa unaelea, wifi angebeba abiria.

Darasani alipita bila kutoka jasho. Bwawani akavalishwa suti ya mpira iliyomkaa kama foronya kwenye godoro, akamweleza mwalimu kuwa aliyekata ile nyonga alikuwa na hasira na mkewe. Akajitwika mtungi wa hewa, akashuka, akapanda. Vyote sawa, isipokuwa zoezi moja: kuvua miwani ya mbizi, ile inayofunika macho na pua, chini ya maji, kutulia kidogo, kisha kuivaa tena. Hapo pua inabaki wazi na mtu anapumua kwa mdomo tu, kupitia kipumulio.

Sasa, Mama Pini ameshona maisha yake yote akiwa amebana pini kwa midomo. Mwenye pini mdomoni akivuta hewa kwa mdomo, jioni yuko hospitali. Kwa hiyo mwili wake ulikuwa na sheria moja: kitu kikiwa mdomoni, pumua kwa pua. Akauma kipumulio, akavua miwani, na pua, mtumishi mwaminifu, ikavuta bwawa. Aliibuka akikohoa. Akarudia, pua nayo ikarudia.

Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba si kila mtu ameumbiwa maji.

"Mimi nimeumbiwa, baba," alisema. "Maji ndiyo hayajanizoea."

Alipewa nafasi nyingine wiki iliyofuata. Akishindwa hiyo, binti angeondoka bila mama yake kuona kitu.

Wiki nzima alishona akiwa na kibanio cha nguo puani na mrija wa soda mdomoni. Pini zikahamia kwenye kola. Wateja wakapimwa viuno na mtu mwenye sauti ya redio iliyolowa. Bibi harusi mmoja alinusa gauni lake kwa siri, akauliza kama lina tatizo. Wifi alipita mlangoni mara nyingi kuliko biashara yoyote iliyompitisha. Mama Pini hakumtolea kibanio wala salamu.

Siku ya jaribio akazama, akavua miwani. Mapovu yakapanda moja baada ya jingine, bila papara. Mwalimu akamgusa bega kumwashiria avae. Hakuvaa. Alibaki pale, macho kafumba, mkono kiunoni, kama anayemsubiri mteja aliyechelewa, mpaka alipotosheka.

Ndipo wakaenda maji makubwa, mbizi za mwisho za kozi, binti ubavuni. Binti alimshika mkono akampeleka hadi kwenye matumbawe aliyoyapanda mwenyewe: vitawi laini, vifupi, samaki wadogo wakiingia na kutoka kama wapangaji. Walikaa hapo muda mrefu, mama akielekeza kidole, binti akiitikia kwa kichwa.

Walipoibuka, binti alikuwa na machozi ndani ya miwani.

"Mama, sasa umeelewa kwa nini naenda?"

Mama Pini akatoa kipumulio mdomoni.

"Nimeelewa. Kuna baridi. Uwe unavaa fulana ndani."