Siku Mtoro Alipojibu "Hakuna Neno"

Kwa miaka kumi na moja, kila mara chama cha redio ya ridhaa cha Bagamoyo kilipotoka kwenda porini, mshika usukani alikuwa Mtoro, fundi magari wa Kaole. Wenzake walikuwa na mchezo wao. Wanapakia redio, betri na waya mrefu, wanakwenda mahali pasipo na umeme wala kelele za mjini, wanasimamisha mlingoti wa antena, kisha wanaongea na watu wa Japani, Brazili na kwingineko bila simu wala intaneti. Raha yao ilikuwa hiyo tu, kusikika mbali.

Raha ya Mtoro ilikuwa kuwarudisha nyumbani. Aliwahi kulitoa gari la chama kwenye tope la mto Wami kwa mbao mbili na koleo. Mwaka mwingine bomba la rejeta lilipasuka karibu na Vigwaza, akalifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na wakafika Bagamoyo polepole kabla ya magharibi. Kila mara walimshukuru, wakampigia makofi. Lakini kipaza sauti hakuruhusiwa kukishika peke yake. Mtihani wa leseni alikuwa ameufanya mara mbili, na mara zote mbili maswali ya Kiingereza yalimwangusha. Akitaka kuongea na dunia, ilimbidi mwenye leseni akae kando yake, kama mtoto anayefundishwa kuandika.

Ndipo akaja Wahida. Alikuwa mtaalamu wa maabara, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti tulivu na Kiingereza cha kutiririka. Alijiunga na chama baada ya mfungo, na miezi minne baadaye alikuwa na leseni. Mwenyekiti wao, Mzee Twalib, aliyewahi kuwa mtu wa redio melini, alimvulia hedifoni zake mwenyewe na kumvisha mbele ya watu. "Nimepata wa kumwachia nafasi," alisema huku akicheka.

Mtoro naye alicheka, lakini nyumbani hakula.

"Baba Ridhiwani, huyo mwanamke amekukosea nini?" mkewe Shamsia alimuuliza.

"Nani? Hajanikosea kitu."

"Basi mbona jina lake halikutoki mdomoni?"

Lilikuwa kweli. Alijua Wahida ameongea na nchi ngapi, alijua nani alimsifu na kwa maneno gani. Akiwa chini ya gari la mteja, alijikuta akiigiza sauti yake peke yake, kwa dhihaka, kisha akiona haya.

Jumamosi moja walitoka watu wanne kwa Suzuki ya chama, ya zamani, ya kabureta na gia za mkono: Mtoro, Mzee Twalib, Wahida, na Khamis, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiandika majina ya waliowapata hewani. Mwenzao Hajra alibaki kwake Mbegani kuwasikiliza. Walikwenda kaskazini, wakapita Makurunge, wakaingia kwenye uwanda mweupe wa chumvi ulio nyuma ya mikoko. Wahida ndiye aliyepachagua. Alisema antena ikiwa karibu na maji ya chumvi sauti huenda mbali zaidi.

"Leo ni bamvua," Mtoro alisema. "Maji yakijaa yanafika hapa hapa. Saa nane tuwe tumeondoka."

"Saa nane, fundi," alikubali Mzee Twalib.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililomuuma Mtoro. Watu walipanga foleni hewani kumjibu Wahida. Mjapani, Mtaliano, mzee mmoja wa kisiwa ambacho Khamis hakujua hata kukiandika. Mzee Twalib alikaa juu ya ndoo, anatikisa kichwa kama anayesikiliza kasida. Mtoro alishikilia kamba ya mlingoti kwa sababu upepo ulikuwa mkali, na hakuna aliyemtazama.

Saa sita hivi, betri ya redio ikaisha.

"Tuchukue moto kwenye gari," Wahida alisema. "Bado kuna watu wananiita. Kaka Mtoro, betri ya gari itahimili?"

Mtoro aliijua betri ile. Wiki mbili zilizopita aliipima, akaona imechoka. Alikuwa amepanga kumwambia Mzee Twalib inunuliwe nyingine, halafu akasahau kwa makusudi kwa sababu siku ile mzee alikuwa akimsifu Wahida bila kumeza mate. Sasa ilikuwa kusema neno moja tu. Badala yake aliona picha kichwani: gari limegoma, wote wamemgeukia mwanamke yule kwa lawama, na yeye Mtoro analisukuma hatua kumi, linawaka.

"Hakuna neno," alijibu.

Saa nane kasoro, redio ikiwa imenyonya betri ya gari karibu saa mbili, walifungasha. Mtoro akaingia, akawasha. Stata ikalia mara moja, kah, ikanyamaza.

Uso wa Wahida ulibadilika. "Ni mimi," alisema. "Nimeimaliza."

Mtoro alikuwa ameingoja dakika hiyo, na kwa kitambo kidogo ikawa tamu. Akashuka, akawapanga nyuma ya gari. "Tusukume, nitaishtua kwa gia ya pili." Walisukuma. Gari halikusogea hata shubiri. Mtoro akatazama chini. Mchanga uliokuwa mgumu asubuhi ulikuwa umelainika, maji yakipanda kutoka chini kabla ya kuonekana juu, na magurudumu yalikuwa yameanza kuzama. Mbele, kati ya mikoko, maji yenyewe yalikuwa yakija, membamba, bila haraka.

Mzee Twalib alikuwa na miaka sabini na mbili na magoti mabovu. Nchi kavu ilikuwa mwendo wa nusu saa, na kati yake na wao kulikuwa na mkondo ambao kufikia wakati huo huenda ulikuwa umeshajaa.

Simu hazikushika. Wahida alichukua redio ndogo ya mkononi, akapanda juu ya boneti, akamwita Hajra. Hakupayuka. Alitaja mahali walipo, idadi yao, hali ya gari na saa ya maji kujaa, kisha akamwomba arudie yote ili ahakikishe. Hajra alirudia. Kuna trekta kwenye mashamba ya chumvi, alisema, lakini litachukua saa moja na zaidi. Hata katika hofu ile Mtoro alihisi kijiti cha wivu kikimchoma tena: yeye angesema kwa pupa, angesahau nusu.

Saa moja ilikuwa nyingi mno. Akafikiri kwa nguvu. Kisha akasema, "Leteni kamba ya mlingoti."

Aliweka ubao chini ya jeki ili isizame, akainua gurudumu moja la nyuma hadi likaning'inia. Akazuia magurudumu ya mbele kwa masanduku ya vifaa, akaachia breki ya mkono. Akamweka Khamis kwenye usukani. "Swichi fungua, gia ya tatu, guu mbali na klachi. Ikishika tu, kanyaga klachi, tia mafuta, usiache izimike." Kisha akaizungusha kamba kwenye tairi mara nne, mwisho wake ukitokea chini kuelekea nyuma.

Wakavuta watatu, mzee katikati. Gurudumu likazunguka, injini ikakohoa, basi. Akaizungusha tena. Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu kamba ilimchuna Wahida viganja, damu ikatoka, hakuiachia. Mara ya nne injini ikashika, ikanguruma, Khamis akapiga kelele kama aliyeona jini.

Mtoro aliliteremsha gari, akatandika mbao, akatia gia ya kuzungusha magurudumu yote manne. Mkondoni maji yalipiga milango, lakini walivuka. Walikutana na trekta wakiwa tayari juu ya ardhi ngumu.

"Bila wewe, Mtoro, leo tungezungumza mengine," alisema Mzee Twalib, machozi yakimlenga. Wahida, viganja vimefungwa kwa mtandio, alimwambia, "Kaka Mtoro, nisamehe. Nilikuponza wewe na wenzangu."

Mtoro alikuwa amepata alichokitaka, neno kwa neno. Kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Usiku ule alimweleza Shamsia yote. Shamsia hakumfariji. "Na kama Mzee Twalib angekufa maji?" aliuliza, akageukia ukutani.

Jumanne chama kilikutana. Wahida alisimama, akasema hatakalia redio tena safarini, kwa kuwa aliwatia wenzake hatarini. Mzee Twalib alianza kumbembeleza. Mtoro akanyanyuka kabla maneno hayajamkimbia.

"Asiache. Betri niliijua ni mbovu. Aliponiuliza nikamwambia hakuna neno. Nilitaka aaibike."

Wahida alimgeukia.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu wanakusikiliza wewe."

Wahida alichukua mkoba wake, akatoka. Kwa wiki sita hakumsalimu, na Mtoro hakuona kuwa amedhulumiwa. Mzee Twalib alimwondoa kwenye usukani safari mbili. Aliyeendesha alikuwa Khamis, na katika safari ya pili walilala njiani kwa pancha mbili. Ndipo Wahida mwenyewe alipopiga simu gereji.

"Sijakusamehe bado," alisema. "Lakini njoo utufundishe ile ya kamba. Wote. Nataka niweze kuifanya bila wewe."

Alikwenda. Aliwafundisha mchana kutwa, jasho likimtiririka, na Wahida aliijua kabla ya wengine wote. Jambo hilo nalo lilimuuma Mtoro kidogo. Alilisema waziwazi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya maji, Wahida akacheka.