Kiwanja cha Wageni wa Baharini

Ukitoka Goma kwa barabara ya Sake, pale Mugunga palikuwa na nyumba ya mawe ambayo kwa miaka mingi haikukaliwa na mtu. Mawe meusi yamepangwa vizuri, manjanja mapya, yaani mabati, yanang'aa juu, na mlango unatazama ziwa badala ya barabara. Aliyeuliza ni ya nani alijibiwa kwa kicheko kwamba ni ya watu wa baharini.

Aliyeijenga ni Henri Habarurema wa Murara, mchonga mawe. Mimi ni mtu wa njia, na kila nilipopita Goma nililala kwake. Haya nayaandika kama nilivyoyaona, na mengine kama mke wake, Mama Wivine, alivyonisimulia akichambua maharagi.

Mwaka wa 2002 mlima ulipopasuka, moto ulishuka kama uji wa mawe ukaifunika nyumba ya Henri mpaka paani. Walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na binti yao Daniella mgongoni. Walikuwa wamesimama kando ya njia, hawajui waelekee wapi, wakati mtu wasiyemjua alipofungua mlango wake akawaambia nafasi iko. Hakuuliza majina wala kabila. Waliporudi Goma, Henri alichonga mawe yale yale yaliyoila nyumba yake, akajenga nyingine juu ya paa la zamani, kama walivyofanya wengi.

Miaka michache baadaye ulikuja mkutano. Nchi ndogo za visiwa, zile ambazo bahari inazipandia, zilituma watu wao waone namna mji unavyokaa tena mahali palipoharibika. Walizungumza katika hoteli moja ya kando ya ziwa juu ya maendeleo ya kudumu na ushirikiano wa mataifa, kisha wakaletwa mitaani kutazama. Mmoja wao aliitwa Edmond, mtu mrefu, mpole, wa kisiwa ambacho mwenyewe alisema jina lake ni refu kuliko ardhi yake. Aliingia uani kwa Henri akauliza kitanda chao cha zamani kilikuwa wapi. Henri akamwonyesha ardhi chini ya viatu vyake. Edmond akasogea kando polepole, kama anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Jioni wenzake walirudi hotelini, yeye akabaki kula bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Mama Wivine, aliyesoma kidogo kwa masista, ndiye aliyetafsiri Kifaransa chake. Edmond akaeleza kwamba kwao hakuna kilima. Kule juu kabisa ni kwenye ngazi za kanisa. Chumvi imeingia kisimani, na minazi inakufa ikiwa imesimama. Henri alimsikiliza mpaka chakula kikapoa. Kisha akasema:

"Siku maji itawafikia, mukuye kwetu. Nafasi iko."

Edmond alinawa mikono, akasimama, akamshika Henri mikono yote miwili, akajibu kwamba watakuja.

Labda mahali pengine hayo yangekuwa maneno ya heshima tu, ya mgeni aliyeshiba. Goma si hivyo. Huku kila nyumba imewahi kupokea na kila nyumba imewahi kupokelewa, na neno hilo hatulichezei. Ule mkutano uliacha ahadi nyingi. Ninayojua kuwa ilifanyiwa kazi ni hii moja.

Henri alikuwa na kiwanja Mugunga, alichoachiwa na ndugu yake mkubwa, mawe matupu. Akaanza kukisawazisha siku ambazo hakuwa na kazi ya watu. Alipakia vifaa kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao, akaisukuma toka Murara. Mlango akauelekeza ziwani, maana watu wa maji, alisema, wakiamka wasipoona maji watajiona wamekufa. Majirani wakampa jina la Papa Balozi. Wakimwona wanauliza kama meli ya wageni wake imepata njia ya kupanda Sake. Henri anacheka nao, anaendelea kugonga.

Kila mwaka mpya Edmond alipiga simu. Mama Wivine alikaa kati yao akipeleka maneno huku na kule. Edmond alieleza bahari imekula wapi: barabara, shule, kisha makaburi. Henri alieleza ukuta umefika wapi. Mwishoni alisema kila mara, nafasi iko, na kwa miaka ile naye akaokota Kifaransa kidogo.

Mwaka wa 2012 waasi walipoingia mjini, waling'oa ule mlango wakaupikia. Henri akatengeneza mwingine. Mwaka wa 2021 mlima ukapasuka tena. Tuliambiwa tukimbie, tukajazana Sake. Henri na mkewe waliporudi, nyumba ya Murara ilikuwa imepasuliwa na matetemeko toka msingi hadi paa. Ile ya Mugunga ilikuwa nzima. Kila mtu akamwambia ahamie. Henri akaziba nyufa za Murara kwa udongo, akasema nyumba ya watu ni ya watu.

Halafu vita ikafika Sake. Daniella, aliyekuwa ameolewa huko, alikimbia na watoto wake bila mume. Bomu lilimkuta mume shambani. Murara hapakuwa na pa kumweka, chumba kilichobaki kilivuja na kuta ziliinama. Akapewa turubai katika kambi ya Mugunga, juu ya mawe, karibu na ukuta wa baba yake. Siku moja, mbele yangu, Mama Wivine akamwita mumewe kwa jina la ukoo, jambo ambalo hakulizoea.

"Habarurema, mutoto wako analala juu ya mawe, na bahari inalala ndani ya nyumba."

Henri akampa Daniella chumba kimoja. Cha pili akakifunga kwa kufuli, kwa ajili ya Edmond.

Mwaka wa 2025, mwezi wa kwanza, mji ukaanguka mikononi mwa waasi. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao, na kwao hapakuwapo. Familia moja iliyotoka Masisi ilisimama nje ya ukuta wa Henri, mama na watoto na godoro lililolowa. Hawakuomba kitu. Walisimama tu, kama yeye alivyosimama Gisenyi. Nilikuwapo. Henri aliwatazama, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua chumba cha Edmond. Kesho yake wakaja wengine, na jikoni wakalala wengine.

Simu ililia mchana mmoja, siyo mwaka mpya. Tulikuwa uani kule Mugunga, watoto wanalia, hakuna pa kukanyaga. Edmond alisema maji yameingia ndani ya nyumba yake na hayakutoka. Nchi kubwa iliyoahidi kuwapokea imewakatalia wazee kama yeye. Najua mko na vita, akasema, na labda sitafika kamwe. Nataka tu kumwambia mke wangu kwamba mahali papo.

Mama Wivine alitafsiri. Henri alizungusha macho uani.

"Mwambie nafasi haiko."

Mama Wivine, yeye aliyeidai ile nyumba kwa ajili ya mwanawe, akamwambia Edmond kwa Kifaransa kwamba nafasi ipo, inawangoja.

Lakini Henri alikuwa ameokota Kifaransa cha kutosha. Akaichukua simu mkononi mwake taratibu.

"Hapana, Edmond. Imejaa."

Kulikuwa na upepo tu ndani ya simu, au pengine ni bahari. Kisha Edmond akasema asante, kwa Kiswahili, neno alilojifunza usiku ule wa sambaza.

Mwaka mpya uliofuata nilipita tena Mugunga. Mama Wivine alikuwa amechajisha simu kwa jirani, akaiweka juu ya jiwe katikati ya ua, akawakataza watoto kuigusa. Haikulia. Alisema ni mtandao. Henri alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha ule mlango, miguu ameikunja ili watu wapite.