Ukingo wa Duara na Goti la Shangazi

Wiki ya mwisho kabla ya harusi yangu nilikuwa kama nimelewa. Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Nilimtakia dereva heri ya mwaka mpya, na ilikuwa mwezi wa sita. Hata kazini, kwenye maabara ya hospitali kusini mwa London nilikokuwa najifunza kupima bakteria, nilipita na sahani za vijidudu huku nikiimba.

Ijumaa asubuhi nilipewa sahani moja niisome. Ni kisahani cha plastiki chenye jeli, na juu ya jeli bakteria kutoka kwenye kidonda cha mgonjwa walikuwa wameota usiku kucha. Tulikuwa tumeweka humo vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayowaweza huzungukwa na duara safi, pasipoota kitu. Nikapima duara la penisilini. Pana, limevuka kipimo! Nikaandika kwamba dawa inafaa, nikaendelea kuimba.

Msimamizi wangu, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu na kukulia Harrow, akaja nyuma yangu na Kiswahili chake cha utotoni.

"Dada, upana umepima. Ukingo umeangalia?"

Akainua sahani dirishani. Ukingo wa duara ulikuwa mkali, bakteria wamejazana hapo hapo mstarini.

"Hawa wanatoa kimeng'enya cha kukata penisilini. Dawa ingewaweza kweli, ukingo ungefifia polepole. Andika sugu."

Nikafuta nilichoandika. Aibu ilinishika dakika mbili hivi, kisha furaha ikarudi mara dufu, maana jambo lenyewe lilinipendeza mno. Unatazama mstari tu, unajua siri ya kiumbe ambacho huwezi hata kukiona.

Jioni nikaenda Tottenham kwa shangazi, dada yake baba, aliyenilea tangu nilipofika nchi hii nikiwa na miaka kumi. Ndiye angeniingiza kanisani, akicheza mbele yangu. Nilishatangaza kwamba bila yeye siingii. Nikamkuta kwenye cherehani akimalizia magauni ya wasimamizi wa harusi, mguu mmoja juu ya stuli. Goti lilikuwa limevimba, linang'aa, na joto lake nililisikia kabla sijaligusa.

"Jipu tu hilo," akasema. "Nimeshaanza dawa."

Dawa ilitoka kwenye mkoba wake. Kanisa zima linaujua mkoba ule. Mwaka jana aliandikiwa amoksilini ya jino, akameza siku tatu, jino likatulia, zilizobaki akaziweka. Ndivyo alivyofanya miaka yote, akipata nafuu tu anaacha.

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya nne. Linakaidi."

Ulevi wangu wote ukakata. Niliogopa kweli, kwa sababu jipu la namna ile likiachwa linaweza kuingia kwenye damu. Nikavuta kiti.

"Shangazi, bakteria ana ukuta, na anaushona kila anapokua. Penisilini inamshika mkono wa kushonea. Yeye anazidi kunenepa, mishono hakuna, maji yanamwingia, anapasuka."

"Kama gauni la mama mchungaji siku ya Pasaka."

"Hivyo hivyo! Lakini wako wenye mkasi. Dawa ikifika wanaikata kabla haijawagusa. Na amoksilini yako ni ndugu wa penisilini."

"Utawajuaje wenye mkasi?"

Nikamweleza habari ya ukingo. Akanikabidhi zile kapsuli bila ubishi, nami nikazirudisha duka la dawa.

Kesho yake, Jumamosi, daktari alilitoboa jipu, akachukua usaha wa kupima, akampa flukloksasilini. Nayo ni ya ukoo wa penisilini, ila imeumbwa hivi kwamba mkasi ule hauikati. Mara nne kwa siku, wiki nzima, tumbo likiwa tupu. Alhamisi wakapiga simu na majibu. Bakteria wake walikuwa na mkasi kweli, lakini dawa mpya inawaweza.

"Thank you, doctor," shangazi akasema. "And the edge? How was the edge?"

Daktari akauliza ukingo upi. Mimi nilikuwa chini ya meza, nimeziba mdomo kwa kitenge.

Ila goti lilikuwa limeshanywea, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Nilimpigia asubuhi, mchana na jioni. "Nimemeza, polisi wewe," alinijibu, na sikumwamini hata kidogo.

Jumamosi ya harusi, saa sita kamili mchana, milango ya kanisa ikafunguliwa. Ngoma zikaanza, shangazi mbele yangu, kiuno tayari. Mara kengele ya simu, aliyoitega kwa saa ya dawa, ikalia ndani ya mkoba. Akainua mkono, na wapiga ngoma wakanyamaza. Mbele ya waumini wote na bwana harusi wangu aliyeduwaa, alifungua mkoba, akatoa kapsuli ya mwisho na chupa ya maji, akameza. Kisha akageuka, akaniinulia karatasi iliyokuwa na kapsuli kwenye mwanga wa mlango.

"Haya, kagua."

Nikakagua. Matundu yote yalikuwa matupu. Nililia na kucheka kwa pamoja, wanja ukanitiririka, wala sikujali. Akawapa wapiga ngoma ishara, akashuka na goti lile mpaka chini, akainuka nalo, tukaingia.