Bwana Pua Hasikii Harufu

Saa tatu asubuhi, boti ya abiria inagusa gati na watu wanaanza kushuka na mabegi yao. Wanaopita karibu na nyuma ya boti wanabana pua. Mama mmoja anamfunika mtoto wake uso kwa leso. Mwanamume aliyechuchumaa pale pale, shibiri chache kutoka kwenye mfuniko wa tangi la choo, hana habari. Hata hakunji uso.

Abiria wanadhani amezoea. Mmoja anamtania kwa kumuuliza kama pua yake ni ya chuma. Anacheka kidogo kwa adabu, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Na kazi yenyewe anaifanya kwa upole, kama mtu anayemvalisha mtoto nguo. Anafungua mfuniko ulio juu ya sitaha, anachomeka mpira mnene wa kunyonyea, anauzungusha hadi ung'ate, kisha anauvuta mara mbili kuhakikisha haulegei. Ndipo anainua mkono. Gatini, mwenzake anafungua koki na kuwasha pampu. Kwenye kipande cha bomba chenye kioo unaonekana uchafu wa abiria sitini wa siku mbili, ukienda zake kwenye tangi kubwa la nchi kavu.

Ukianza kuwa mwepesi wanatia maji safi tangini, wananyonya tena, mpaka kioo kionyeshe maji matupu. Mwisho anafuta ukingo wa mfuniko kwa kitambaa cheupe na kumwonyesha nahodha. Kikiwa na doa, anaosha upya.

"Tone moja likidondoka majini, mimi nimeshindwa kazi," anasema.

Gatini wanamwita Bwana Pua. Ana miaka hamsini na tatu, na kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Jina alilipata kihalali. Zamani alikuwa akisimama mwisho wa gati na kutaja boti ipi ina mpira uliochakaa, ipi tangi lake limejaa, na ipi nahodha wake amemwaga dawa chungu nzima chooni ili kuficha uvivu. Mabaharia waliwekeana dau juu ya pua hiyo, na waliompinga waliumia.

"Kichwa kilinivimba," anakiri. "Niliona Mungu kanipa pua mimi, nyie wengine kawatoboa matundu tu."

Pua hiyo imekufa. Ni mwaka wa pili sasa hajasikia harufu ya kitu chochote duniani, na mpaka mwezi uliopita waliojua hilo walikuwa wawili tu: mke wake na daktari.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Boti moja kuukuu ilikuwa na koki iliyokwama, na kwenye boti za aina ile koki iko chini kabisa, tumboni mwa boti, pembeni ya tangi. Alishuka kuifungua. Uchafu uliolala siku nyingi hutoa gesi inayonuka kama mayai viza, na siku hiyo ilimpokea tangu ngazini. Akashuka hatua mbili zaidi. Harufu ikakatika.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Gesi hiyo ikizidi huanza kwa kuua uwezo wa kunusa, kisha humgeukia mwenye pua. Bwana Pua alilijua hilo vizuri, kwani yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni. Lakini kwa sekunde chache alipumua kwa raha akidhani hewa imekuwa safi. Alizinduka akiwa sitahani, anapigwa makofi ya mashavu na baharia aliyekuwa amemvuta kwa ukosi wa ovaroli, kwa kulabu ya kunasia kamba.

Daktari alimwambia kwamba mishipa ya kunusa imeungua na haitarudi. Akamwandikia barua ya kumpelekea mwajiri, kwamba asifanye tena kazi penye gesi. Barua hiyo iko kwenye droo ya cherehani ya mke wake, chini ya zipu na vifungo. Kodi ya vyumba vyao viwili inakula nusu ya mshahara, na mtoto wa mwisho bado yuko shule. Angeitoa barua ile, angemwaga unga.

Tangu hapo mke wake ndiye pua yake. Akirudi kutoka kazini husimama kwanza mlangoni, mke akamnusa shingo, nywele na mikono. Kuna siku anaambiwa, "Baba watoto, mikono bado," na anarudi bombani. Wanataniana, wanacheka, siku inapita.

Asichokizoea ni mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa miezi minne. Kila anayembeba humnusa utosini na kutabasamu. Babu yake humnusa pia, naye hutabasamu, kwa sababu wanamtazama.

"Nanusa hewa tu. Inaniuma," anasema. "Sitakudanganya, inaniuma sana."

Laiti ingekuwa huzuni ya nyumbani pekee. Kituo chao cha kazi kilikuwa na kipima gesi kimoja, kidude cha kushika mkononi kinacholia hewa ikichafuka. Mwaka jana kikaharibika. Walipoomba kingine, msimamizi alicheka na kusema hana sababu ya kununua kipima gesi wakati Bwana Pua yupo. Ofisi nzima ikacheka. Mwenye pua naye akacheka, na hakuna kitu anachokijutia kuliko kicheko hicho.

Kuanzia hapo, kila tangi lililohitaji mtu ashuke, ni yeye aliyeinama kwenye mlango wa shimo, akavuta hewa puani na kutoa hukumu. Anayeshuka si yeye, maana magoti yake hayataki tena ngazi. Anayeshuka ni mwendesha pampu, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mjane mwenye watoto watatu. Mabaharia humwita Shangazi kwa vile anavyowakaripia.

Bwana Pua alijitafutia ujanja. Alifungua kila mlango na kila dirisha la boti, akasubiri saa nzima hata kama nahodha analalamika. Kisha alimtazama Shangazi usoni kwa jicho la pembeni. Akikunja pua, alisema wasubiri. Uso ukitulia, alimwambia pako sawa, ashuke. Alijua fika kwamba uso uliotulia unaweza kuwa wa mtu ambaye gesi imeshamzidi. Alijua, na bado alisema pako sawa. Kwa hilo hajisamehe, wala haombi msomaji amsamehe.

Mwezi uliopita mambo yalienda mrama. Shangazi alishuka, na hata dakika mbili hazikuisha akapanda akiyumba, macho mekundu, akatapika ukingoni mwa gati. Bwana Pua alimletea maji. Wakakaa juu ya mpira uliokunjwa, na siri ile ikamshinda kubeba.

"Dada, mimi sisikii harufu," alimwambia. "Mwaka wa pili huu. Nilikuwa natazama uso wako. Ukikunja, ndiyo najua kuna kitu."

Shangazi alisukutua mdomo, akatema, akaitazama boti waliyotoka.

"Kaka, na mimi sisikii," akasema. "Ile homa iliyonilaza mwaka juzi iliondoka na pua yangu. Nilikuwa nakunja uso nikikuona umeinama sana, nikidhani umenusa kitu, ili usinishtukie."

Mwaka mzima walikuwa wamesimama kwenye mlango wa lile shimo, watu wawili wasionusa chochote, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Shangazi anasema jioni ile alijaribu kuhesabu mara alizoshuka. Alipofika arobaini aliacha, akaenda kuwatazama watoto wake waliolala.

Kesho yake waliongozana kwa msimamizi, barua ya daktari mkononi. Aliwasikiliza vizuri, hata akawapa pole. Kipima gesi, akawaeleza, kimewekwa kwenye bajeti ya mwaka ujao. Siku mbili baadaye tangazo likabandikwa getini: anatakiwa mtu mwenye nguvu, mwaminifu, na mwenye uwezo mzuri wa kunusa. Hadi juzi walikuwa wamejitokeza kumi na saba.

Wawili hao wamepewa mpaka mwisho wa mwezi. Hawashuki tena shimoni, wananyonya tu matangi yanayofikika kutoka sitahani. Shangazi hajui ataanzia wapi kutafuta kazi nyingine. Maji yamemfika shingoni, na analisema hilo bila kulia, huku akiosha mpira.

Kisha likaja la kumvunja kabisa Bwana Pua. Msimamizi amemwagiza awapime wale kumi na saba yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua kazi. Atawapeleka mmoja mmoja kwenye mlango wa shimo la boti kuukuu, wainame, wanuse, aandike nani amefaulu.

"Nitawaangusha wote," anasema akivua glovu. "Huyu hana pua, na huyu hana, na yule hana. Mpaka wachoke, wanunue kile kidude."

Shangazi haoni kama itasaidia. Anasema wakiangushwa kumi na saba, wa kumi na nane atapitishwa mlango wa nyuma, na atashukuru. Bwana Pua anatikisa kichwa kukubali. Hata yeye, anasema, angekuwa nje ya geti lile na ana mtoto wa shule nyumbani, angeapa kwamba amenusa chochote alichoambiwa anuse.

Anapoulizwa kama haogopi mpango wake kuchapishwa kabla ya siku ya usaili, anafikiri kidogo.

"Andika tu," anasema. "Msimamizi wetu hasomi gazeti. Wanaolisoma mpaka ukurasa wa mwisho ni wanaotafuta kazi."