Aliyezibua Matundu ya Bafu Letu

Anayetaka kusema nilikuwa nikiota, aseme sasa tumalizane. Ilikuwa saa kumi jioni, nimesimama kwa miguu yangu miwili, mkononi nina mkate na paketi ya maziwa. Nani anaota akiwa amebeba mkate? Jambo hili lilinipata mimi, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga Ruring'u, na laiti lingempata mwingine mwenye akili kuliko mimi.

Tulihamia hapo watu watatu: mimi, mume wangu Baba Ciru, na mama yake, ambaye sote tulimwita Cucu, yaani nyanya. Ciru, binti yetu, alikuwa shule ya bweni. Kilichotuvuta kwenye nyumba ile ni hita ya gesi iliyofungwa ukutani bafuni, mtungi wake nje chini ya dirisha. Unafungua maji, inawaka yenyewe, unaoga kama mgeni wa hoteli. Na baridi ya Nyeri mwezi wa saba unaijua? Ukungu unashinda mlangoni mpaka adhuhuri, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu. Baridi hiyo ilikuwa ikipita kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha la bafu na kukuchapa mgongoni huku sabuni iko machoni. Mimi ni fundi wa nguo, mabaki ya vitambaa hayanipungukii. Nikayaziba matundu yote. Pengine hata wewe umeziba yako, kwa hivyo usinitazame hivyo.

Basi hita ikaanza visa. Dakika tano, sita, inazima, na povu bado liko kichwani. Nikabadilisha betri. Baba Ciru akabadilisha mtungi. Tukamwita fundi, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi atafute panapovuja, hapakuvuja. Akapima nguvu ya maji, ilikuwa sawa. Akakuna kichwa, akasema atarudi.

Halafu kulikuwa na siku ambazo iliwaka vizuri mpaka mtu akamaliza kuoga. Siku hizo hizo ndizo nilizokuwa nikikuta vitambaa vyangu vimetolewa kwenye matundu, vimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya tangi la choo. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu na sikuliona. Nilichoona mimi ni mama mkwe.

Sitakuficha, mimi na Cucu hatukuwa tukielewana. Alikuwa mpole, na upole wake wenyewe ulinikera. Nikamfuata jikoni.

"Cucu, kwa nini unatoa vitambaa yangu kila siku?"

"Ati nini? Mimi sijagusa vitambaa ya mtu."

"Mchana unabaki hapa peke yako. Ama ni majini inatoa?"

"Haiya! Na hii magoti yangu inaweza panda huko juu kweli? Mama Ciru, si uniangalie vizuri."

Sikumwangalia vizuri. Nilimwambia kwamba mwanamke anayetaka kumuua mke wa mwanawe kwa baridi ana jina lake, na jina lenyewe ni mchawi. Nililitamka hivyo hivyo, jikoni mwangu, kwa mama aliyemzaa mume wangu. Aliendelea kumenya viazi, na maganda yakawa yanatoka mazito.

Alhamisi iliyofuata Cucu alienda mkutano wa akina mama kanisani. Stima ilipotea dukani kwangu, nikafunga mapema na kurudi nyumbani. Nilipoingia nikasikia ndoo ikiburutwa bafuni.

Nikasema leo nimemshika. Nikausukuma mlango.

Hakuwa Cucu. Alikuwa mwanamke kijana, amejifunga leso, amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, anavuta kitambaa changu kutoka kwenye tundu. Nywele zimejaa povu, maji yanamdondoka viwikoni. Akageuka. Mashavu yake yalikuwa mekundu, yaani mekundu kabisa, kama ya mtu aliyetoka kwenye maji moto sasa hivi. Uso mzuri, niamini, ndiyo maana sikuogopa mara moja.

"Wewe ni nani? Umeingia aje?"

"Pole, mama. Mimi nilikuwa naoga tu."

"Unaoga kwa nyumba ya watu?"

Alikunja kitambaa changu taratibu. "Hii nyumba inapumua hapa juu," akasema. "Sasa mkiifunga pua, itapumua na nini? Hiyo moto inakula hewa yenye nyinyi mnavuta." Akaielekezea hita kidole. "Hii yenu inazima kwa sababu imejua hewa imeisha. Iko na akili. Yangu haikuwa nayo."

Nilitaka kuuliza yako gani. Akaniwahi. "Hata haiumi, mama. Unasikia tu usingizi."

Hapo ndipo nilipotazama chini. Maji yalikuwa yakimdondoka, tone baada ya tone, na sakafu ilikuwa kavu. Maziwa yakaniponyoka. Nilipoinua macho, palikuwa na ndoo peke yake, na kitambaa changu kimekunjwa juu ya tangi la choo.

Nilikimbia mpaka kwa jirani, Mama Kiama, bila viatu. Alinitazama, akanivutia kiti kabla sijasema neno.

"Kwani nyinyi hamkuambiwa?"

Aliyepanga kabla yetu alikuwa bibi harusi, hajamaliza hata miezi sita ya ndoa. Walimkuta bafuni amekufa, mashavu mekundu kwa sumu ya moshi wa gesi, maji yakiendelea kumwagika, matundu yamezibwa kwa magazeti. Mwenye nyumba akaing'oa hita ile ya zamani, akapaka rangi, akafunga mpya mahali pale pale bila bomba la kutoa moshi nje, akatafuta wapangaji wengine. Angetuambia, tungepanga?

Sasa niulize nilifanya nini. Nilitakiwa kumwambia mume wangu siku hiyo hiyo na kumpigia Cucu magoti. Sikufanya hata moja. Niliona haya. Kumwambia Cucu kwamba si yeye, ningelazimika kusema ni nani, na watu wangesema mke wa fulani amepandwa na mapepo. Kwa hivyo nikaviondoa vitambaa vyote, nikavitia kwenye kikapu cha kushonea, nikanyamaza. Cucu aliona matundu yako wazi na mimi siongei. Alifikiri bado nina hasira naye.

Jumamosi nikiwa dukani, fundi akarudi. Jioni Baba Ciru alinipokea akicheka.

"Sasa haizimi tena! Kulikuwa na kidude ya kuzima, fundi ameiruka na waya isifanye kazi tena. Cucu ataoga mpaka achoke."

Nilikumbuka maneno ya yule mwanamke wa bafuni. Lakini nikajiambia matundu yako wazi, nitamweleza kesho tukitoka kanisani.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa nikipiga nguo pasi sebuleni, Cucu anaoga. Maji yalimwagika, yakamwagika. Baba Ciru akang'arisha kiatu chake, akasema, "Unaona? Haizimi." Nikaendelea na pasi. Maji yalipopita muda ambao mtu yeyote anaweza kuoga, nikaidondosha pasi. Tulivunja mlango.

Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta. Tulimtoa nje kwenye hewa, tukamkimbiza hospitali, alikuwa ameshakwenda. Kabla hatujamtoa bafuni nilikuwa nimeinua macho. Kigoda cha jikoni kilikuwa chini ya dirisha, na matundu yote yalikuwa yamezibwa. Alivitoa vitambaa vyangu kikapuni. Havikutosha, akamalizia kwa kilemba chake cha kanisani. Alipanda huko juu na magoti yale. Baba Ciru hajui mpaka leo ni kwa nini. Mimi najua. Alitaka niingie bafuni baada yake nivikute bado viko matunduni, nijue kwamba si yeye anayevitoa.

Siku ya mazishi mashavu yake yalikuwa mekundu. Akina mama walipita kwenye jeneza wakisema, "Angalia vile amependeza, kama msichana." Walinishika mkono na kuniambia nilimtunza vizuri mama mkwe. Nikasema asante. Unasikia? Nikasema asante.

Sasa tunakaa Gatitu. Maji tunachemsha kwenye sufuria, dirisha la jikoni wazi hata mvua ikinyesha. Baba Ciru humlaani yule fundi kila akiketi kula, na mimi humpakulia chakula na kumwacha amlaani peke yake. Ile nyumba ina wapangaji wengine. Nilienda kuwaonya, wakanisikiliza wakiwa mlangoni, wakaniambia asante mama, wakafunga.

Hita yako ikizima, usiitukane. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, ita fundi anayeijua kazi, na akikuambia ataruka kidude cha usalama, mwonyeshe lango. Matundu yaache wazi hata mgongo ufe ganzi. Na kama kuna mtu nyumbani kwako uliyemlaumu kwa kosa ambalo si lake, mwambie leo, kabla hajatafuta njia yake mwenyewe ya kukuridhisha.